Nimeungama, lakini ushirika wangu na Mungu haujarudi. Je, nimepotea?

Mtafuta Amani aliuliza:

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenilemea kwa miezi mitano sasa, na ningependa wanaojibu wanipe hoja za Maandiko kuliko maneno ya kunibembeleza, kwa sababu ya kunibembeleza nimekwisha kujiambia mwenyewe na hayakunifaa.

Nimeokoka yapata miaka tisa. Kazini kwangu nilikosea hesabu katika taarifa moja muhimu, na kosa lilipogundulika nilinyamaza wakati mwenzangu, ambaye huandaa taarifa hizo pamoja nami, akilaumiwa. Mkuu wetu aliponiuliza, nilijibu kwamba sehemu ile haikupita mikononi mwangu. Uongo wangu ulikuwa wa sentensi moja tu. Mwenzangu alipewa onyo la maandishi, akalipokea bila kupiga kelele, na tumeendelea kukaa meza moja kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tangu siku ile nikipiga magoti maneno hayaji, na nikifungua Biblia naona maandishi tu. Jioni ya siku ileile niliungama mbele za Mungu, nami nimeungama mara nyingi mno tangu hapo. 1 Yohana 1:9, ile ahadi ya kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu atatuondolea, nimeirudia hata imekuwa kama jedwali la kuzidisha mdomoni mwa mtoto wa shule. Jambo linalonitisha zaidi ni kwamba bado naongoza maombi katika kikundi chetu, na watu huniambia kwamba wamebarikiwa, hali mimi mwenyewe natoka mkavu kama nilivyoingia.

Naomba kujua, kwanza, kama mimi bado ni mwana wa Mungu au nilikwisha kukatwa siku ile bila kujua. Kisha, katika umbali huu ninaousikia, ni nani aliyeondoka, Mungu au mimi? Na tena, meza ya Bwana imenipita mara mbili nikiwa nimekaa palepale bila kunyosha mkono; je, nimefanya vema kujizuia?

Mzee wa Kinara alijibu:

Mwanangu, nakuita hivyo kwa kuwa umri unaniruhusu. Dhamiri inayouma ina tabia ya kuchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, yaani kuwa mwana na kukaa pamoja na Baba. La kwanza hutokana na kuzaliwa, na Yohana 1:12-13 inasema kwamba kuzaliwa huko si kwa mapenzi ya mtu bali kwa Mungu. La pili ni ushirika, nao ndio dhambi huuharibu, wakati mwingine kwa namna inayotisha sana. Yule kijana wa Luka 15 alipokuwa akiwalisha nguruwe bado alisema, "Nitakwenda kwa baba yangu." Hakuwa na chakula, wala viatu, wala heshima; baba alikuwa naye.

Lakini mahali ambapo mimi binafsi nilielewa jambo hili ni Yohana 13. Petro alikataa kutawadhwa miguu, na alipotishwa akarukia upande wa pili, akataka mikono na kichwa pia. Bwana akamjibu kwamba aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu. Msomaji wa Kiswahili amebahatika hapa, kwa sababu kuoga na kutawadha kwetu ni vitendo viwili ambavyo hakuna anayevichanganya, na katika Kigiriki vilevile Yohana ametumia vitenzi viwili, kimoja cha kuosha mwili wote na kingine cha kuosha kiungo. Aliyeoga akitembea barabarani miguu yake huchafuka, wala hatakiwi kuoga upya kila jioni kana kwamba hajapata kuoga kamwe. Hata hivyo, hawezi kuketi mezani na miguu ile akasema kwamba yu safi, basi imetosha. Bwana hakumwachia Petro nafasi hiyo: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami."

Neno lenyewe "ushirika" linafaa kutafakariwa. Katika waraka wa kwanza wa Yohana linatafsiri koinonia, yaani kuwa na kitu kimoja kwa pamoja, kukishiriki. Yohana anasema Mungu ni nuru na giza lolote hamna ndani yake. Basi mtu akiwa ameshika giza mkononi, hata likiwa la sentensi moja, katika jambo hilo hana kitu cha kushiriki na Mungu, kwa maana Mungu hana giza la kuchangia. Haina maana kwamba Mungu amekasirika akafunga mlango. Ni kwamba ushirika katika uongo hauwezekani. (Nimewahi kushangazwa na jinsi mzizi uleule wa Kiarabu ulivyotupa pia neno "ushirikina", ambalo kwa asili ni kumshirikisha Mungu na kisicho Mungu. Dhambi tunayoificha hufanya jambo la namna hiyo moyoni: Mungu anabaki na vyumba vyote, isipokuwa kimoja chenye bwana mwingine.)

Kuhusu nani aliyeondoka, soma Mwanzo 3 polepole. Mungu alikuja bustanini, na aliyekuwa nyuma ya miti ni Adamu. Isaya 59:2 nayo haisemi kwamba mkono wa Bwana umepunguka; inasema, "maovu yenu yamewafarikisha ninyi na Mungu wenu." Na kabla hujahitimisha kwamba ukavu wako ni dalili ya kuachwa, angalia Zaburi ya 32. Daudi anasimulia kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa, akawa kama nchi kavu wakati wa kaskazi, na sababu anayoitoa ni hii: "mchana na usiku mkono wako ulinilemea." Wewe unaeleza ukavu uleule, ukauita umbali. Mkono unaolemea hauko mbali, mwanangu. Waebrania 12:8 inasema wasiorudiwa, yaani wasioadibishwa na Mungu, ndio wanaopaswa kujiuliza kama ni wana, kwa hiyo ningeogopa zaidi kwa ajili yako kama ungeniambia kwamba uliongopa na maombi yako yakaendelea kuwa matamu.

Juu ya meza ya Bwana sitasema mengi. Paulo anaandika kwamba mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Kujihoji ni njia ya kuifikia meza, haikuwekwa kuwa mahali pa kukaa mwaka mzima.

Mlinzi wa Lango alijibu:

Mzee wetu, shikamoo. Nimejifunza kwako na sipingi sehemu kubwa ya uliyoyaandika, hasa juu ya mkono unaolemea. Lakini nina hofu kwamba tofauti hii ya uwana na ushirika, ambayo wahubiri wengi wameifanya kuwa rahisi mno, imewalaza watu usingizi. Mtu husikia kwamba dhambi inagusa "ushirika tu", akachukulia kama anayeambiwa kwamba simu yake imeisha chaji. Ataichaji akipata nafasi.

Tuanze na mstari wako mwenyewe. Neno lililotafsiriwa "shirika" katika Yohana 13:8 si koinonia. Ni meros, yaani sehemu au fungu, na neno hilohilo linatumika Luka 12:46 kwa mtumwa ambaye fungu lake liliwekwa pamoja na wasioamini, na Ufunuo 21:8 kwa wale ambao sehemu yao ni katika ziwa la moto. Kwa hiyo Petro hakutishwa kwamba atakosa ladha ya maombi kwa wiki moja. Alitishwa kwamba hatakuwa na fungu pamoja na Kristo. Vilevile hupenda kusemwa kwamba katika Zaburi ya 51 Daudi aliomba arudishiwe furaha ya wokovu na hakuomba wokovu wenyewe, lakini mstari unaotangulia anaomba, "Wala roho yako mtakatifu usiniondolee." Daudi alikuwa amepiga kinubi mbele ya Sauli baada ya Roho wa Bwana kumwacha Sauli. Alijua anachokisema.

Wala si kwamba jambo hili Kanisa liliafikiana zamani sasa sisi tunalivuruga. Martin Luther, mwanzilishi wa matengenezo ya Kiprotestanti, ambaye hakuna awezaye kumshtaki kwamba alihubiri wokovu kwa matendo, aliandika katika miaka ya 1530 kwamba watakatifu wakianguka katika dhambi ya wazi kama Daudi alivyoanguka katika uzinzi na mauaji, imani na Roho vimewatoka. Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, mwaka 1610 waliliacha swali la kama mwamini wa kweli aweza kupotea kabisa likiwa bado la kuchunguzwa, na Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa la Kiprotestanti la Uholanzi uliokaa mwaka 1618 na 1619, ikajibu kwamba Mungu hawaachi walio wake wapotee kabisa. Lakini hata Dort, msome vizuri, haikusema kwamba dhambi ni jambo dogo: ilisema kwamba anguko kubwa humchukiza Mungu sana, humhuzunisha Roho, hujeruhi dhamiri, na wakati mwingine humpotezea mtu hisia ya neema kwa muda. Nadhani Mtafuta Amani anaweza kuisoma sentensi hiyo kama shajara yake.

Mimi sitamwambia kwamba amekatwa. Anayeogopa kuwa amekatwa, tena anayetafuta njia ya kurudi, hafanani na wale wa Waebrania 10 waliomkanyaga Mwana wa Mungu kwa kusudi. Ila namwomba asipokee jibu la kwamba nafasi yake haiwezi kuguswa, kisha akalala. Samsoni aliamka akasema atatoka kama siku nyingine, wala hakujua ya kuwa Bwana amemwacha. Na hao wanaobarikiwa na maombi yake wasimpe faraja, kwa kuwa Mungu hulisha watu wake hata kwa mkono ulio mchafu, na kushiba kwa wageni hakuonyeshi kwamba mpishi amekula.

Mkatekista alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba kuongeza kwa ufupi namna sisi Wakatoliki tunavyolitazama jambo hili, si kwa kuanzisha ubishi bali kwa sababu linajibu sehemu ya mvutano kati ya ndugu wawili waliotangulia. Tukifuata 1 Yohana 5:16-17, tunatofautisha dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. Dhambi nyepesi hudhoofisha upendo lakini haiuzimi. Dhambi ya mauti, ambayo ni lazima iwe katika jambo zito, ikatendwa kwa kujua na kwa kuridhia kikamilifu, humwondolea mtu neema ya utakaso. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1547 ulifundisha kwamba dhambi hiyo huipoteza neema hata pale ambapo imani yenyewe haijapotea, na njia ya kawaida ya kurudi ni sakramenti ya kitubio, yaani kuungama kwa padre, pamoja na malipizi.

Katika kisa hiki mimi ningetazama zaidi neno hilo la mwisho. Padre hawezi kumpa mtu maondoleo kisha akamwacha aendelee kunufaika na uongo uliomwangukia mwingine. Aliyeharibu jina la mwenziwe anawajibika kulijenga upya kadiri awezavyo.

Mtafuta Amani aliandika:

Nawashukuru nyote. Mzee wangu, ile sentensi ya mkono nimeiandika kwenye karatasi. Mlinzi wa Lango, umeniumiza, lakini nilikuomba hoja na umenipa.

Hata hivyo bado sielewi jambo moja. Mstari unasema kwamba tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Nimeungama, tena kwa machozi. Kama ahadi ni kweli, ushirika ungalikwisha kurudi. Na kama haujarudi, basi ama ahadi ina sharti nisilolijua, ama kuungama kwangu si kuungama. Mkatekista amegusa habari ya mwenzangu, nami nakiri kwamba ninapofika hapo moyo wangu hufunga mlango haraka. Nilidhani jambo hili ni kati yangu na Mungu. Daudi mwenyewe, baada ya yote aliyomtendea Uria, ambaye alimchukulia mke na kumwua, alisema, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako."

Dada wa Bethania alijibu:

Kaka yangu (samahani kama wewe ni dada, hukusema), Daudi aliyasema hayo wakati Uria alikuwa amekwisha kufa. Hakuwa na mlango wa kubisha. Mwenzako yu hai na mnakaa meza moja.

Nimeusoma ule mlango wa kwanza wa waraka wa Yohana mara nyingi, na kuna mahali ambapo hunishika kila ninapopita. Mstari wa 6 unasema kwamba tukisema twashirikiana naye, yaani na Mungu, tena tukienenda gizani, twasema uongo. Mtu angetegemea mstari wa 7 useme kwamba tukienenda nuruni twashirikiana na Mungu. Haikuandikwa hivyo. Imeandikwa, "twashirikiana sisi kwa sisi," na ndipo inatajwa damu ya Yesu itusafishayo dhambi yote. Sidhani kwamba Yohana alisahau alichokuwa akikizungumza. Kwake ushirika na Mungu na ushirika na ndugu ni kitambaa kimoja. Ukikata upande huu, upande wa pili unafumuka. Ndiyo maana kabla waraka haujaisha anauliza kwamba mtu asiyempenda ndugu yake ambaye amemwona, atampendaje Mungu ambaye hakumwona.

Mambo haya hayakuanza na Yohana. Walawi 6 inamzungumzia mtu "akimwasi Bwana" kwa kumdanganya mwenziwe. Angalia jinsi makosa hayo mawili yalivyofungwa katika sentensi moja: aliyedanganywa ni jirani, aliyeasiwa ni Bwana. Kisha sheria inaagiza kwamba mkosaji arudishe alichokichukua, aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe mwenyewe siku ileile anayoleta sadaka yake ya hatia. Hesabu 5:6-7 inarudia jambo hilo na kulitanguliza kwa kuungama: ataungama dhambi aliyoifanya, kisha atarudisha kamili, na kuongeza sehemu ya tano. Kwa hiyo aliyefika madhabahuni na kondoo wake, huku mali ya jirani ingali chini ya kitanda, hakuwa ameifuata sheria hata kama kondoo alikuwa mnono. Bwana Yesu aliligeuza hilo kuwa picha ambayo haiwezi kusahaulika katika Mathayo 5:23-24: iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako. Na Petro anawaambia waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, kusudi kuomba kwao kusizuiliwe. Hayo ni maombi yanayozuiliwa nyumbani kabla hayajafika popote.

Sasa narudi kwenye swali lako kuhusu sharti. Kitenzi cha kuungama katika 1 Yohana 1:9 kwa Kigiriki maana yake ya msingi ni kusema jambo lilelile, kukubaliana. Kuungama ni kusema juu ya dhambi yangu kile ambacho Mungu anakisema. Wewe umemwambia Mungu, "Niliongopa." Ni kweli, naye anakubali. Lakini Mungu pia anasema kwamba onyo lililo katika faili la mwenzako si la kwake, na kila asubuhi unapokaa kimya karibu naye unasema kwamba ni la kwake. Usiku unakubaliana na Mungu na mchana unakubaliana na uongo. Mimi nadhani hapo ndipo kuungama kwako kulipokwama. Tendo lako ni la zamani, la miezi mitano, lakini dhambi yenyewe ni ya leo, kwa sababu ile sentensi moja bado inafanya kazi. Methali 28:13 imeweka vitenzi viwili makusudi: aziungamaye na kuziacha.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba utanunua msamaha kwa kwenda kwa mkuu wenu. Zakayo hakuambiwa arudishe mara nne ndipo Yesu aingie nyumbani mwake; Yesu alikuwa amekwisha kuingia, na kurudisha kukafuata. Wala sisemi kwamba kila dhambi iungamwe hadharani. Dhambi ya moyoni huishia kwa Mungu. Dhambi iliyomgusa mtu mmoja humfikia mtu huyo, na wale tu ambao uongo uliwafikia. Hupaswi kusimama mbele ya kikundi kizima ukasimulia mambo ya ofisini, na ukifanya hivyo kabla ya kumwona mwenzako utakuwa umetafuta sifa ya unyenyekevu kwa gharama yake.

Jambo la mwisho ni hisia. Mzee amesema vizuri juu ya ukavu, lakini nisingependa utegemee kwamba ukishafanya haya utasikia mlango ukifunguka. Petro alimkana Bwana akalia kwa uchungu, na Bwana alifufuka, akamtokea, akala naye samaki kando ya ziwa, na bado ilimpasa aulizwe mara tatu, "Wanipenda?", hata akahuzunika. Aliulizwa akiwa amekwisha kusamehewa. Kupona kwa ushirika kuna mwendo wake. Yuda naye alisikitika, akarudisha fedha, akakiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia; lakini kilichomkosesha njia ni kwamba aliwaendea makuhani wakuu, akapata jibu lao, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe," akaenda zake peke yake. Paulo anaita huzuni ya namna hiyo huzuni ya dunia, nayo hufanya mauti. Usiende kwa mkuu wako kama Yuda alivyokwenda, ukitafuta kutua mzigo tu.

Mzee wa Kinara aliandika:

Dada amenifundisha, na Mlinzi wa Lango amenirekebisha juu ya neno la Yohana 13:8. Nalikubali rekebisho lake, ingawa bado nasimama kwamba tofauti ya kuoga na kutawadha ni ya Bwana mwenyewe, katika mstari wa 10, na siyo yangu. Tutaujadili siku nyingine, ndugu yangu, nami naona hatutaumaliza.

Mwanangu, neno moja juu ya mpangilio. Mwone mwenzako kwanza, kabla ya mkuu, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba. Usimweleze jinsi ulivyoteseka kwa miezi mitano, maana hapo utamlazimu akufariji wewe. Mwambie ulichofanya, mwambie kwamba utakwenda kukisema, umwombe radhi, kisha unyamaze. Asipokusamehe siku hiyo hajakufungia mbingu, kwa maana Mwombezi wetu kwa Baba ni Yesu Kristo mwenye haki, na si mwenzako. Lakini mpe nafasi ya kukasirika; alinyimwa nafasi hiyo wakati ule.

Mtafuta Amani aliandika:

Naandika baada ya siku nne. Nilimwona jana jioni, baada ya wengine kuondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa karibu kila jibu isipokuwa lile alilonipa: aliniambia kwamba alijua tangu siku ileile, kwa kuwa anayajua makosa yangu ya hesabu kama anavyoyajua ya kwake, na kwamba alikuwa akinisikia nikizungumza habari za maombi wakati wa mapumziko akashindwa kuelewa. Hakusema amenisamehe. Alisema nimpe muda, kisha akauliza ni lini nitakwenda kwa mkuu.

Sijapata amani ile ambayo huwa nasikia wengine wakiishuhudia. Usiku niliomba maneno machache sana, lakini yalikuwa yangu, na kwa mara ya kwanza sikuukimbilia ule mstari. Nimewaomba wenzangu wa kikundi wanipumzishe zamu ya kuongoza hadi jambo hili likamilike, bila kuwaeleza zaidi ya kwamba nina deni ninalopaswa kulilipa. Jumatatu asubuhi nitakuwa ofisini kwa mkuu wetu, na mwenzangu atakuwapo, kwa sababu ameomba awepo.